Naanza mionzi Jumatatu, na kila mtu ana lake la kuniambia

Shikamoo Mama,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 39, natokea Tunduru. Mwaka jana nilianza kutokwa damu kila nikikutana na mume wangu, baadaye ikawa inatoka tu hata nikiinama kufua. Zahanati niliyokwenda walinipa dawa za fangasi mara tatu. Nikazunguka hivyo miezi sita, mpaka muuguzi mmoja wa hospitali nyingine aliponilaza kitandani akaangalia kwa macho yake. Alinyamaza kidogo, kisha akaniandikia rufaa. Kinyama walichokata kikarudi na jibu: saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya 2B. Sasa niko Dar es Salaam, natibiwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, nimefikia kwa wifi yangu Mbagala.

Nimeshapimwa damu, nimelazwa kwenye mashine ya kupiga picha, nimechorwa alama tatu, moja chini ya kitovu na mbili huku na huku kwenye nyonga. Daktari amesema nitapigwa mionzi siku 25, na kila wiki dripu moja ya kemo, yaani dawa ya kuua saratani, halafu mwishoni “mionzi ya ndani” mara tatu au nne. Nadhani alinieleza vizuri, ila tangu lilipotajwa neno saratani masikio yangu yaliziba. Nilikuwa naona midomo inacheza tu.

Kila mtu sasa ana lake. Mama mkwe anasema nitachomwa ndani niwe mkaa. Jirani wa wifi anasema nywele zitanyonyoka zote, na mwanangu wa miaka mitatu nisimpakate kwa sababu mionzi itamwingia. Mume wangu alipiga simu juzi, anasema kule nyumbani kuna mzee anatoa dawa za miti, nirudi nijaribu kwanza mwezi mmoja, maana mionzi haikimbii. Pesa ya korosho imeishia kwenye vipimo na nauli. Na Ramadhani itaingia nikiwa katikati ya hizo siku 25. Sijawahi kula mchana wa Ramadhani ila kwa hedhi na uzazi.

Kuna na jingine nimeshindwa kumuuliza daktari, kwa kuwa ni kijana wa kiume. Nikishapigwa mionzi, nitaweza kuwa mke tena?

Naanza Jumatatu, Mama. Niambie kitakachonipata na usinifiche.

Mama wa Watatu, Mbagala

*

Marahaba mwanangu,

Pole sana. Na pole ya pili kwa ile miezi sita ya dawa za fangasi. Mwanamke anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa anatakiwa alazwe, aangaliwe mlango wa kizazi. Hapewi vidonge kwa kusikilizwa tu. Yule muuguzi aliyekuangalia amefanya kazi yake, na ndiye aliyekufikisha hapo ulipo ukiwa bado na tiba mbele yako.

Nimeuguza wagonjwa wa saratani miaka mingi kabla sijastaafu, kwa hiyo nitakwambia kama ningekwambia tukiwa tumekaa kwenye benchi la nje ya chumba cha mionzi.

Jumatatu ukiitwa, utaingia kwenye chumba kikubwa chenye baridi na mlango mzito. Utapanda kwenye kitanda chembamba, kigumu kama meza. Watakuomba uteremshe kanga hadi nyonga, na mstari mwembamba wa taa utapita juu ya tumbo lako. Wataalamu wawili watakusogeza kidogo kushoto, kidogo kulia, mpaka mstari ule ukae sawasawa juu ya zile alama tatu ulizochorwa. Hapo ndipo muda mwingi unapokwenda. Halafu wote watatoka na mlango utafungwa. Hapa wengi hulia, kwa sababu unabaki peke yako na mashine. Lakini wale wanakuona kwenye kamera na wanakusikia. Ukiita, au ukiinua mkono, watazima na kuingia. Mashine itakuzunguka polepole, utasikia mlio wa kuunguruma, ikisimama pande mbili tatu. Baada ya dakika chache imekwisha, unavaa, unatoka.

Mwilini hutasikia kitu. Hakuna joto wala maumivu wala mwanga, ni kama ulivyopigwa picha ya eksirei. Mama mkwe wako namwelewa, kwa sababu watu wetu wamezoea kusema “kuchomwa mionzi”, na neno lenyewe linatisha. Hakuna moto pale. Mionzi huharibu mbegu ya uhai ndani ya chembe za saratani ili zikitaka kugawanyika zishindwe, zife. Chembe zako nzima nazo hupata kipigo, ila zenyewe zinajua kujitengeneza. Ndiyo maana dozi hukatwa vipande 25, kidogo kidogo, Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi na Jumapili mwili unapumzika.

Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha. Haibaki mwilini mwako, haipo kwenye jasho, wala kwenye mkojo, wala kwenye sahani uliyolia. Mpakate mwanao siku hiyohiyo ukirudi Mbagala, lala naye, mlishe. Jirani yako huenda amechanganya na wagonjwa wanaonyweshwa dawa yenye mionzi, kama baadhi ya wenye saratani ya tezi ya shingo, hao ndio huambiwa wakae mbali na watoto kwa siku kadhaa. Wewe siye. Na nywele za kichwani haziguswi na mionzi inayopigwa nyonga. Utapoteza za sehemu za siri tu. Dawa ya kemo inayotolewa pamoja na mionzi kwa ugonjwa wako kwa kawaida ni sisplatini, nayo huwa haimalizi nywele kichwani. Zaidi inatia kichefuchefu na inachosha figo, ndiyo maana watakupima damu kila wiki na kukuongezea maji kwa dripu.

Sasa nisikilize vizuri kuliko kote. Kwa uzoefu wangu, kinachowaangusha kina mama wenye ugonjwa kama wako mara nyingi si mionzi, ni kuacha katikati. Na wengi hawaachi kwa sababu wameumwa. Wanaacha kwa sababu wamepata nafuu. Mara nyingi damu hupungua au kukauka kabisa katika wiki ya kwanza au ya pili. Harufu inakwisha, suruali ya ndani inabaki safi, mtu anaanza kulala usingizi. Niliwahi kumuuguza mama mmoja ambaye siku ya kumi na mbili alikuja kuniaga akiwa amefunga mzigo wake kwenye kanga mpya, anacheka, ananiambia, “Sista, nimepona, nawahi mahindi yangu.” Nilimsihi mpaka sauti ikanikauka. Alirudi baada ya miezi saba, na safari hiyo hatukuwa na mengi ya kumfanyia zaidi ya kumtuliza maumivu. Kila nikiandika habari za mionzi, namwona na ile kanga.

Wewe mwenyewe ni mkulima. Ukipalilia nusu ya shamba ukaondoka, unajua utakachokikuta. Chembe za saratani zilizobaki hai huanza kuzaliana, tena kwa kasi. Ndiyo sababu tunahesabu: tangu kipigo cha kwanza hadi cha mwisho, pamoja na ile mionzi ya ndani, isizidi siku 56, yaani wiki nane. Kila wiki inayozidi hapo inapunguza uwezekano wa kupona. Kwa hiyo nunua daftari dogo, andika tarehe ya Jumatatu kisha namba 1, na kila siku uongeze namba. Siku ikikupita, iwe mashine imeharibika, iwe sikukuu, muulize mtaalamu, “Hii nitafidiwa lini?” Huo si usumbufu, mwanangu, ni haki yako, na mtaalamu mzuri atafurahi kuona unahesabu naye.

Basi mwambie mume wako kwa upole: mionzi inakimbia. Na tena, hatua ya 2B maana yake ugonjwa umetoka kwenye mlango wa kizazi ukaingia kwenye nyama za jirani, ila haujafika kwenye ukuta wa nyonga. Hapo tunatibu kwa nia ya kuponya. Mwezi mmoja wa dawa za miti unaweza kukutoa kwenye hiyo nia. Sisemi hivi kwa kudharau wazee wetu, lakini zipo dawa za miti zinazoumiza figo, na figo zako ndizo zitakazobeba sisplatini. Hata ukiletewa ya kuongezea tu, usiinywe bila kumwonyesha daktari. Kama mume anaweza kupata nauli, aje siku moja akae nawe mbele ya daktari. Nimeona wanaume wengi waliokuja wakali wakaondoka wakiwa walinzi wa siku za wake zao.

Ukubali pia kwamba kuna taabu, na uzijue kabla. Wiki ya kwanza pengine utajiona mzima kabisa. Kuanzia ya pili au ya tatu uchovu utakuja, uchovu wa kutaka kukaa chini katikati ya kazi. Choo kitalegea, huenda ukaharisha mara tatu nne kwa siku. Mkojo utauma kidogo na kukubana mara kwa mara. Ngozi ya kati ya makalio na ya mapajani itakuwa nyeusi zaidi, ikauke au ichubuke. Haya hufika kileleni mwishoni mwa matibabu na huendelea hata wiki mbili baada ya kumaliza, kisha huanza kutulia.

Tumbo likilegea, weka pembeni maharage, kabichi, pilipili, chipsi na maziwa mabichi. Kula wali, uji, ndizi za kuchemsha, viazi, samaki, yai, mtindi ukiukubali. Kunywa maji yenye chumvi maalumu ya kuzuia upungufu wa maji, zile pakiti wanazopewa watoto wanaoharisha, zinakufaa na wewe. Dawa ya kuzuia kuharisha akuandikie daktari, usikimbilie duka la dawa. Unapooga usisugue zile alama kwa dodoki. Zikianza kufifia usizichore mwenyewe kwa kalamu, waambie wao. Usipake mafuta ya nazi wala ya mgando wala podari sehemu inayopigwa kabla hujaenda. Vaa kufuli la pamba lisilobana, na ukiwa nyumbani kanga peke yake inatosha.

Lingine ambalo halisemwi sana ni damu. Umetokwa na damu mwaka mzima, na mionzi hufanya kazi vizuri penye hewa ya oksijeni ambayo damu ndiyo inayoibeba. Wingi wa damu ukishuka chini ya 10, daktari anaweza kutaka uongezewe. Waombe ndugu waliopo Dar es Salaam wajiandae kuchangia sasa hivi, wasingoje simu ya usiku. Na kama unatumia dawa za ARV, endelea nazo bila kukosa hata siku moja na daktari wa mionzi ajue. Sijui hali yako, ila nasema kwa sababu saratani hii huwapata zaidi wanaoishi na VVU, na wapo wanaoficha kidonge kwa aibu.

Kuhusu Ramadhani. Kwanza, mgonjwa ana ruhusa ndani ya Kurani yenyewe, anakula na atalipa siku nyingine, wewe unalijua hilo kuliko mimi niliye Mkristo. Pili, mionzi ya nyonga mara nyingi hupigwa kibofu kikiwa kimejaa, ili utumbo usogezwe juu usipate kipigo kisicho chake. Watakwambia ukojoe, kisha unywe nusu lita hivi ya maji, usubiri kwa muda watakaokutajia. Ni kila siku, na kwa kiasi kilekile. Mtu aliyefunga hawezi kufanya hivyo, na akienda kibofu kikiwa kitupu anaumiza utumbo wake bure. Ukiongeza na kuharisha na ile dawa inayotaka figo zenye maji, naona huna la kujadili. Zungumza na shekhe unayemwamini ili moyo utulie, lakini chupa yako ya maji iende nawe.

Mionzi ya ndani ndiyo inayokimbiwa zaidi, kwa hiyo nakueleza wazi. Utalazwa kama unavyolazwa kujifungua, miguu imeinuliwa. Utapewa dawa ya maumivu au ya usingizi, na daktari ataingiza mirija myembamba kupitia ukeni hadi kwenye mlango wa kizazi. Mirija inaunganishwa na mashine, na kichembe chenye mionzi, kidogo kuliko punje ya mchele, kinatumwa ndani kinakaa dakika chache, kinarudi kwenye mashine. Mirija inatolewa, unapumzika, unaenda nyumbani. Haipendezi, na kuingizwa na kutolewa mirija kunaweza kuuma. Ukisikia maumivu sema palepale, “Naumia, niongezeeni dawa.” Usijikaze kama tulivyofundishwa leba. Lakini usiikose hata mara moja, kwa sababu ndiyo inayopeleka dozi kubwa kwenye uvimbe wenyewe bila kuumiza sana kibofu na utumbo. Aliyemaliza siku 25 akaacha ya ndani ameacha karibu nusu ya tiba yake.

Na sasa lile uliloshindwa kumuuliza kijana wa watu. Ndiyo, utakuwa mke. Wakati wa matibabu pumzisheni tendo la ndoa, na baadaye msubiri hadi daktari akuangalie aseme umepona ndani, mara nyingi ni wiki kadhaa baada ya kumaliza. Saratani haimwambukizi mume, wala mionzi. Lakini uke baada ya mionzi hukauka na hupenda kusinyaa, kuta zikashikana. Kwa hiyo uliza kliniki kuhusu kifaa laini cha kupanua uke, chenye umbo la kidole kikubwa, kinachotumiwa pamoja na kilainishi cha majimaji (jeli) mara kadhaa kwa wiki kuanzia pale utakaporuhusiwa. Kinalinda ndoa, na pia kinampa daktari nafasi ya kukukagua vizuri miaka ijayo. Ukiona aibu kwa daktari, mwite muuguzi wa kike pembeni. Wataalamu wa kiume nao wameona wengi, na una haki ya kuomba mwanamke awepo chumbani.

Hili jingine nalisema kwa uzito, kwa kuwa wengi hawaambiwi mapema na mimi nahesabu hilo kuwa kosa letu sisi wa hospitali: hutazaa tena. Mionzi hiyo husimamisha mifuko ya mayai, na hedhi itakoma ukiwa na miaka 39. Utapata joto la ghafla, jasho la usiku, hasira za karibu. Zipo dawa za kusaidia, uliza. Kama wewe na mume mlikuwa bado mnasubiri wa nne, lieni wiki hii, na umwambie daktari kabla ya Jumatatu.

Pesa: hospitali ina ofisi ya ustawi wa jamii. Nenda kabla hujaishiwa, na uende na barua ya mtendaji wa kijiji chako kama unaweza kutumiwa. Waeleze kila kitu, hata nauli ya Mbagala. Usitoroke kwa deni. Nimeona wagonjwa wakikatisha tiba kwa deni ambalo hawakuwahi kumwambia mtu yeyote.

Usingoje siku ya kliniki ukiona homa, damu nyingi inayolowesha pedi ndani ya saa moja, kutapika kiasi cha kutokaa na maji, kuharisha usiku na mchana, au mkojo kugoma. Hayo ni ya kwenda hospitali saa hiyohiyo. Na ukishamaliza kabisa, utaitwa kila miezi mitatu hivi kwa miaka miwili ya mwanzo. Damu ikirudi mkojoni, kwenye choo au ukeni hata baada ya mwaka, rudi ukaonyeshe.

Umesema una watoto watatu. Kama yupo binti wa kati ya miaka 9 na 14, mwambie baba yake ampeleke kituo cha afya akachanjwe dhidi ya kirusi kinacholeta saratani hii. Tanzania ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2018, na ni bure. Hilo anaweza kulifanya akiwa kulekule Tunduru wakati wewe unahesabu siku zako huku.

Jumatatu beba kanga mbili, moja ya kuvaa na moja ya kujifunika kitandani, chupa ya maji ya nusu lita, kadi yako, pedi, daftari na kalamu. Toka Mbagala alfajiri, foleni huwa ndefu. Ukitoka, kaa kidogo upande wa baharini upate upepo kabla ya kupanda gari, kisha andika namba 1.